Mlalo Kwanza, Wima Baadaye

Mwalimu Zenobio Larico hakumwita mtu kwa jina. Alisema majina ni ya padri na polisi, darasani kwake mtu ni mahali alipokaa. Viti vilipangwa milalo sita kutoka ubaoni kwenda mlangoni, kila mlalo viti sita, kwa hiyo ukikaa mlalo wa nne, wima ya pili, wewe ni Nne-Mbili. Mimi nilikuwa Nne-Mbili. Nyumbani naitwa Delia, lakini kuna siku mama aliniita jikoni kwa jina hilo nikachelewa kuitika.

Hilo ndilo lilikuwa somo letu la kwanza la matriki, na nikiri kwamba lilieleweka. Matriki ni namba zilizokalishwa kwenye viti, basi, hakuna uchawi. Ukitaja mahali unataja mlalo kwanza, wima baadaye. Ukigeuza, umemwita mtu mwingine kabisa, na Larico alimtwanga kwa kifutio yule aliyeitika kimakosa. Kila Jumamosi tulifanya mtihani, na kila Jumatatu tulipangwa upya. Aliyeongoza alikaa Moja-Moja, mbele, karibu na dirisha lenye jua. Wa mwisho alikaa Sita-Sita, mlangoni, na aliyewahi kuishi Juliaca, mji wetu huku Peru, anajua upepo wa mlangoni asubuhi ya mwezi wa sita ulivyo. Wino unagoma kutoka kwenye kalamu.

Mlalo wa sita aliuita mlalo wa sifuri. Alitueleza kwamba ukiwa unapanga matriki ili uitatue, mlalo ambao umebaki sifuri tupu unaushusha chini kabisa, usiwazibie njia wenye namba. Ndivyo vitabu vinavyosema, na hapo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni kwamba mlalo wake wa sifuri ulifagia darasa, ulibeba maji ya choo, na haukuruhusiwa kuuliza swali.

Tulivumilia kwa sababu ya kiti cha Lima. Kituo chetu kilikuwa kimoja kati ya vile vingi vinavyowanoa vijana kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu, na wenye kituo walikuwa na desturi yao: anayeongoza mtihani wa Jumamosi ya mwisho anapelekwa Lima, mji mkuu, kwa gharama ya kituo, akafanye mtihani wa chuo cha uhandisi. Mtu mmoja tu kila msimu. Picha zao zilibandikwa ukutani kwenye ngazi, wote wamenyolewa vipara, maana kwetu anayeingia chuo hukatwa nywele siku hiyo hiyo na kila anayempenda hukata kishungi.

Yaneth Calsina alikuja akiwa amechelewa wiki nzima, kutoka huko milimani juu ya Azángaro ambako kwao walifuga kondoo. Mama yangu, mama Basilia, alikuwa na mgahawa wa kulisha wapangaji na wanafunzi, akamchukua alale chumbani kwangu na kwa malipo yake awe anamenya viazi na kuosha masufuria. Usiku wa kwanza Yaneth aliniambia mambo yake yote, kama vile mtu anavyotoa vitu mfukoni. Baba yake amempa msimu mmoja. Akipata kiti cha Lima, ataenda. Asipopata, atarudi kwenye kondoo, na kuna mwanamume mmoja aliyefiwa na mke, mwenye mashamba, ambaye ameshakuja mara mbili kwa baba kumposa. Alisema hayo huku anakunja soksi.

Nilimuuliza huyo mwanamume ana sura gani. Akasema ana trekta.

Larico alimweka Sita-Sita na wiki ya kwanza alimwonyesha cha moto. Yaneth alizungumza kama wanavyozungumza watu wa juu, maneno yakikwaruzana kidogo, na mwalimu alimfanya asome ubao kwa sauti kisha akamwigiza, darasa likacheka. Mimi nilicheka pia, kusema kweli, mpaka nikageuka nikaona uso wake. Hakulia. Alikuwa anatazama ubao, anamalizia kuzidisha.

Nilichokuja kugundua ni kwamba msichana yule alikuwa anahesabu kila kitu kwenye jiko la mama. Mimi kuzidisha matriki kulikuwa kumenishinda. Larico alikuwa anasema mlalo wa huyu unashuka kwenye wima ya yule, anachora mishale, mimi naona mishale tu. Yaneth akanikalisha kwenye gunia la viazi.

"Leo mchana tunauza nini?" aliniuliza.

Nikamwambia bakuli nne za supu ya chairo na sahani tatu za nyama ya kuoka, tuseme.

"Haya, huo ni mlalo. Nne, tatu. Supu inakula viazi viwili, nyama inakula vitano. Hiyo isimamishe, ndiyo wima. Sasa supu ikutane na viazi vya supu, nyama ikutane na viazi vya nyama. Halafu jumlisha."

Nne mara mbili nane, tatu mara tano kumi na tano, viazi ishirini na tatu. Akaniambia niongeze wima nyingine ya vitunguu, halafu niongeze mlalo wa kesho chini ya mlalo wa leo, na kabla ya maji kuchemka nilikuwa nimezidisha matriki mbili bila kuona mshale hata mmoja. Nikamuuliza itakuwaje nikianza na viazi ndipo nije kwa wateja. Akasema, "Jaribu. Viazi vikae mezani viagize watu." Mama alicheka hadi akashika meza. Ndipo nikaelewa kwa nini kwenye matriki huwezi kugeuza nani atangulie, jambo ambalo Larico alikuwa amelisema kwa mwezi mzima akigonga ubao.

Basi akaanza kupanda. Kutoka mlalo wa sita hadi wa tano, wa nne, wa tatu. Alinipita mimi na akaniomba radhi, nikamwambia aende zake.

Sasa hapa ndipo lilipotokea jambo lenyewe. Siku za mtihani Larico alikuwa na mbinu yake ya kuzuia watu kuibiana, na alijivunia sana. Aliita kupindua darasa. Kwenye matriki ukipindua, milalo inakuwa wima na wima zinakuwa milalo: aliyekuwa Mbili-Tano anahamia Tano-Mbili, na wa Tano-Mbili anahamia Mbili-Tano. Wa Moja-Moja, Mbili-Mbili, mpaka Sita-Sita hawaondoki. Kila Jumamosi tulibeba mikoba yetu tukapishana, kelele tupu, na yeye amesimama mbele amekunja mikono kama kwamba ametutawanya pande zote za dunia.

Jumamosi moja Yaneth akanyoosha mkono. Nilikuwa nimemwambia asifanye hivyo. Tulikuwa tumelicheka jambo lile jikoni, tukiwapanga na kuwapindua viazi mezani, na nilimwambia libaki pale pale.

"Mwalimu," akasema, "ukipindua hutenganishi mtu. Aliyekuwa ubavuni kwangu sasa yuko mgongoni kwangu. Majirani ni wale wale."

Alisema kwa heshima kabisa. Nadhani alifikiri mwalimu atafurahi. Darasa zima likajitazama: ni kweli, jirani wa kulia alikuwa sasa nyuma, na aliyekaa nyuma anaona karatasi ya mbele kuliko anavyoiona akiwa ubavuni. Kicheko kikaanza mlalo wa kwanza kikashuka hadi mlangoni, hata mlalo wa sifuri ulicheka, na mwalimu Larico akawa mwekundu masikio. Hakumpiga. Alisema tu, "Asante, nitakumbuka," akagawa karatasi. Na kupindua hakuacha, maana kuacha kungekuwa kukubali.

Abdón Quisocala ndiye aliyekuwa akicheka zaidi siku ile. Alikuwa mvulana wa mlalo wa sifuri, mtoto wa dereva wa lori, mpole, mikono imepasuka kwa baridi. Larico alimwonea vibaya. Alikuwa akimfanya asimame kila akifika kwenye sifuri, aonyeshe darasa sifuri inavyoonekana. Siku moja Abdón alilia mbele ya watu, mvulana mzima mwenye ndevu, na mwalimu akamwambia akalilie nje asilowanishe sakafu ambayo anapaswa kuifagia.

Jioni ile Yaneth alimleta jikoni. Mama akampa supu, Yaneth akampa gunia la viazi akalie. Alimfundisha kuanzia viti, kuanzia mlalo na wima, kama alivyonifundisha mimi, lakini kwangu alikuwa na haraka na kwa Abdón hakuwa nayo. Nilisema kwa utani kwamba trekta limepata mpinzani. Yaneth akanirushia ganda la kiazi. Ilikuwa kweli lakini, alimpenda, na kila mtu mwenye macho aliona. Abdón naye alikuwa na kichwa. Kilikuwa kimejaa hofu tu. Hofu ilipotoka, akaanza kupanda nyuma yake kama mtu aliyeshika kamba. Kila alichojua alikijua kama Yaneth anavyokijua. Hata namba saba aliiandika kama yeye, na mkia.

Larico aliwaona, akabadilisha kanuni. Alitufundisha wiki hiyo habari ya determinanti, namba moja unayoitoa ndani ya matriki kwa kuzidisha pembe kwa pembe upande huu, pembe kwa pembe upande ule, na kutoa. Ikiwa ni sifuri, matriki haina kinyume: kilichofanyika hakitenguliki. Akaandika mlalo wa tatu na tano, na chini yake tena tatu na tano. Tatu mara tano, toa tano mara tatu. Sifuri.

"Milalo miwili ikifanana, yote imekwisha," akasema, huku anafuta chaki mikononi. "Kuanzia sasa, karatasi mbili zikiwa na makosa yale yale, zote sifuri. Nani kamwibia nani hesabu haiulizi, na mimi siulizi."

Jumamosi ya mwisho Yaneth alikuwa Moja-Mbili na Abdón Moja-Tatu, bega kwa bega. Tukapindua. Yaneth akahamia Mbili-Moja, Abdón Tatu-Moja, nyuma yake kabisa, wote wawili dirishani. Mimi nikahamia Mbili-Nne, mlalo ule ule wa Yaneth, nikawa namwona vizuri. Aliandika mtihani wote bila kuinua kichwa. Shingo yake haikugeuka hata kidogo.

Jumatatu mwalimu aliingia na karatasi mbili tu mkononi, nyingine ameziacha. Alizibandika ubaoni pamoja na akatuacha tuzitazame. Zilikuwa zimewapita wote, hata yule wa Moja-Moja kwa mbali. Zote zilikosa swali moja tu, lile lile, na zote zilichagua jibu lile lile lisilo sahihi.

"Determinanti?" akauliza.

"Sifuri," akajijibu. "Lakini leo nina huruma. Mlalo mmoja ukifutwa, mwingine unabaki na thamani yake. Aliyeiba asimame aseme. Atatoka kituoni. Mwenzake ataenda Lima."

Yaneth alisimama mara moja. Lakini hakukiri kitu, aliomba chaki. Alisema hakuna aliyeiba, ni yeye aliyemfundisha Abdón, na kama wamekosa pamoja basi amemfundisha vibaya, na anaweza kuonyesha wapi. Larico akampa chaki. Sijawahi kumwona akimpa mwanafunzi chaki kwa upole namna ile.

Swali lilihusu matriki mbili zilizozidishwa, ya kwanza na ya pili, na unatakiwa kutengua. Yaneth aliandika walivyofanya: walitengua ya kwanza, kisha ya pili, kwa mpangilio ule ule. Akafika katikati, akaitazama hesabu yake upya. Halafu akatabasamu, masikini, akatugeukia kana kwamba tuko jikoni.

"Nimeona," akasema. "Asubuhi unavaa soksi, halafu buti. Jioni huwezi kuanza kuvua soksi. Kutengua kunaanzia mwisho. Hapa nilimwambia Abdón aanze na soksi."

Alifuta, akaandika upya kinyume cha ya pili kikitangulia, na jibu likatoka. Darasa zima liliona. Kama pale pangekuwa na mwalimu, jambo lingeishia hapo.

"Vizuri," akasema Larico. "Kwa hiyo unajua kukosea na unajua kusahihisha. Sasa kaa. Nataka kumsikia huyu."

Alimaanisha Abdón. Abdón alisimama, mikono yake ile iliyopasuka ameishikanisha. Nilikuwa na uhakika wa asilimia mia kwamba hatamwangusha Yaneth. Alichotakiwa kusema ni kwamba aliiba yeye. Ingekuwa uongo, lakini miezi michache nyuma alikuwa anabeba maji ya choo, na kila alichokuwa nacho kichwani alikitoa kwenye mikono ya yule msichana. Au angesema ukweli tu, kwamba hakuna aliyeiba, wakapigwa sifuri wote wawili. Hata hilo ningemheshimu. Yaneth alikuwa ameketi anamtazama bila wasiwasi wowote.

Abdón alimtazama mwalimu, hakumtazama Yaneth.

"Alinitazamia," akasema.

Mwalimu akamtaka arudie kwa sauti, mlalo wa sifuri usikie. Akarudia. Alinitazamia mimi, mwalimu, karatasi yangu.

Nilisimama bila kuomba. Nilisema ni uongo, Yaneth alikuwa mbele na Abdón nyuma, nimekaa mlalo mmoja naye, nimemwona mtihani mzima na hakugeuka. Larico alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kama Nne-Mbili alikuwa anamtazama Mbili-Moja mtihani mzima, basi hakuwa anatazama karatasi yake, na hiyo nayo ni sifuri, nikakae mlangoni.

Halafu akamgeukia Yaneth. Alikuwa amengojea siku hii tangu kile kicheko, mimi nawaambia, aliyatamka maneno yake taratibu kama mtu anayekula kitu kitamu.

"Si wewe uliyenifundisha? Aliyekuwa ubavuni yuko mgongoni, majirani ni wale wale. Basi kama ubavu unaibiwa, mgongo nao una macho. Chukua mkoba wako, Sita-Sita."

Hakuwa Sita-Sita tena. Alikuwa Moja-Mbili. Lakini alichukua mkoba.

Mama alitaka kwenda kumvunjia Larico mwiko kichwani, na mimi nilitaka aende. Yaneth alimzuia. Alisema atabaki mpaka mama apate msichana mwingine wa jikoni, halafu atapanda basi la Azángaro. Usiku alilala amegeukia ukuta, na nilipomuuliza kama analia, alisema anajaribu kukumbuka kama aliwahi kumwambia Abdón ile habari ya soksi kabla ya siku ile. Hakuwahi. Alimwambia pale pale ubaoni, mbele ya wote, wakati anamwokoa.

Abdón akaenda Lima. Akapita.

Alipita vizuri, jina lake likasomwa redioni, na wenye kituo wakaamua kumfanyia karamu. Mahali pa karamu palikuwa wapi? Kwa mama Basilia, kwa sababu hakuna mwingine Juliaca anayeweza kulisha watu wengi vile kwa siku moja. Mama alikataa. Yaneth ndiye aliyemwambia akubali, kazi ni kazi, na ndiye aliyekaa na kuhesabu nyama, viazi na vitunguu kwa chaki kwenye ukuta wa jiko, mlalo kwa wima. Hakuna kilichopungua wala kilichobaki.

Walikuja na ngoma na unga wa rangi. Abdón alikuwa ameshapakwa mayai kichwani na amefurahi, na anakwepa kutazama mlango wa jikoni. Baba yake, mzee Quisocala, alikuwa amesimamisha lori nje na kuleta kondoo wawili waliochinjwa. Mtu mnene, mcheshi, anacheka kabla hajamaliza kusema. Alimkalisha mwanawe kwenye kiti katikati ya ukumbi, akamfunga shuka ya nailoni shingoni, na mwalimu Larico akasogea na mkasi, amevaa suti. Kwetu anayekata kishungi cha kwanza ni yule aliyekufundisha.

Kabla ya kukata, mwalimu alihutubia. Alisimulia jinsi kijana huyu alivyotoka mlalo wa sifuri, na jinsi huko Lima alivyokutana na swali la kutengua matriki mbili, lililowaangusha wengi, na akalifanya bila kusita kwa sababu darasani mwetu somo lile lilieleweka. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimeshika trei ya vinywaji, sijui ilikuwaje sikuidondosha.

Mzee Quisocala ndiye aliyemkatiza, kwa wema wake wote.

"Samahani, mwalimu. Huyu mwanangu zamani kila akipiga simu alikuwa ananiambia kuna binti anamfundisha huku, jikoni. Yuko wapi? Mwacheni yeye aanze, halafu wewe mkubwa umalizie."

Abdón alisema kwa haraka kwamba ameshaondoka. Mama yangu, aliyekuwa mlangoni na vitambaa mikononi, akasema yupo. Akaita.

Yaneth alitoka akifuta mikono kwenye aproni. Nywele zake zilikuwa na mvuke wa supu. Mzee akamshika mkono, akamshukuru kwa niaba ya mama wa mtoto aliyeko nyumbani, akampa mkasi alioutoa mkononi mwa Larico. Watu wakatazamana, maana nusu ya watu pale walikuwa darasani siku ile.

Alikwenda akasimama nyuma ya kiti. Akashika kishungi cha kisogoni. Nilimwona Abdón akikakamaa, mabega yamepanda mpaka masikioni.

"Abdón," akasema Yaneth, kwa sauti ile ile ya jikoni. "Niko nyuma yako. Niambie mkono wangu mwingine umeshika nini."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeinuliwa wazi, vidole vitatu, kila mtu aliviona.

"Sioni," akasema Abdón.

"Jaribu."

"Sioni, Yaneth. Nitaonaje na wewe uko nyuma?"

"Sawa," akasema. "Nilitaka kujua tu kama inawezekana."

Masufuria yalisikika yakitokota ndani. Larico alikuwa anatazama viatu vyake. Mzee Quisocala alikuwa bado na kicheko mdomoni, kimebaki pale bila kazi, na nilimwona akimtazama binti, kisha kisogo cha mwanawe, kisha mwalimu, kisha binti tena. Hakuwa mjinga. Alikuwa amesimuliwa na mwanawe kuhusu msichana aliyefukuzwa kwa kuiba mtihani, kama kila mtu, na sasa alijua ndiye huyu, akawa anapanga viti kichwani, nani alikuwa mbele na nani nyuma. Niliona alipomaliza kupanga. Macho yakamlowa.

Nilifikiri, sasa. Sasa mtu mzima atasema neno.

Mzee alimwekea mwanawe mkono begani, na akaubana.

"Kata, mama," akamwambia Yaneth, taratibu. "Nyama inapoa."

Akakata. Kishungi kimoja, kidogo, kwa uangalifu, asimguse ngozi. Akamrudishia mwalimu Larico mkasi kwa upande wa mpini. Mtu mmoja akapiga makofi, wakafuata wengine, ngoma ikaanza tena, na wakati anaingia jikoni walikuwa wameshaanza kumwagia Abdón unga mwekundu.

Nilimfuata. Nilimwambia anaweza kusema ukweli sasa hivi, wote wako pale, wenye kituo wako pale, wamemsikia Abdón kwa masikio yao, nitasimama naye, mama atasimama naye. Alikuwa anaonja supu.

"Wamesikia wote, Delia," akasema. "Umemwona aliyesimama?"

Nikaanza kulia, mimi, ambaye sikuwa nimepoteza kitu. Nilimwomba basi aniruhusu nitemee sahani ya Larico. Akasema hapana, mama yangu atakosa wateja. Akapakua sahani, akazipanga kwenye trei mbili mbili, nyama nzuri juu, na akaniambia nipeleke ya mwalimu kwanza, ya mzee baadaye.